Jinsi nyasi za Johannesburg zinavyohimili baridi kali

Tarehe 10 Julai 2023, wakazi wa Johannesburg walishuhudia theluji ikianguka katika jiji lao, miaka 11 baada ya ile ya Agosti 2012.

Theluji ni nadra huko, lakini baridi ya kugandisha maji si ngeni. Jiji hilo la Afrika Kusini limejengwa kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti hewa huwa kavu na anga haina mawingu, hivyo ardhi hupoteza joto lake upesi usiku. Alfajiri, majani huonekana meupe kwa umande ulioganda.

Hatari kubwa kwa mmea ni barafu. Maji yakiganda ndani ya seli, huharibu utando wake na seli hufa. Mimea iliyozoea baridi hujiandaa mapema: hulimbikiza sukari, ambayo huchelewesha maji kuganda, na huruhusu barafu ijitengeneze nje ya seli, mahali ambapo madhara yake ni madogo.

Nyasi za uwanda huo zina mbinu nyingine, nayo ni kuyaacha majani yafe. Themeda triandra, inayojulikana huko kama nyasi nyekundu, hukauka kabisa wakati wa baridi. Asiyeijua hudhani imekufa. Kumbe machipukizi yake yamejificha kwenye shina, karibu na udongo, yakikingwa na majani makavu. Mvua zikirejea, huchipua upya.

Nyasi hiyo hiyo humea katika mbuga ya Serengeti nchini Tanzania, ambako hali ya kuganda si tishio. Huko, uwezo huo wa kuanza upya kutoka chini huisaidia kustahimili moto.

Hata hivyo, hazina iliyo karibu na udongo haina kinga dhidi ya plau wala tingatinga. Nyasi nyekundu ikishang'olewa, hurejea kwa shida sana, hata ardhi ikiachwa kwa miaka mingi.

Uwanja mkavu wa mwezi Julai unaweza kuonekana kama ardhi isiyo na faida, inayongoja kujengwa. Ukweli ni kwamba uhai wake ungali chini, ukisubiri mvua.