Kwa nini gugumaji halijaisha Ziwa Victoria

GUGUMAJI lilianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilipofika mwaka 1998, lilikuwa limefunika hekta zipatazo 20,000, sehemu kubwa ikiwa katika Ghuba ya Winam nchini Kenya. Mitumbwi ilishindwa kutoka mialoni, vivuko vilikwama bandarini na mitambo ya umeme ya Jinja, Uganda, ilisumbuliwa na magugu yaliyoziba njia za maji.

Asili ya mmea huu wenye maua ya zambarau ni Amerika ya Kusini. Ulisambazwa duniani kama pambo la mabwawa na bustani. Mto Kagera ni miongoni mwa njia kuu zinazouingiza ziwani.

Nguvu ya gugumaji ni kasi ya kuzaliana. Mmea mmoja huchipuza mingine pembeni, na palipo na joto na rutuba ya kutosha eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki mbili hivi. Aidha, mbegu zake huzama topeni na zinaweza kubaki hai kwa miaka ipatayo 20. Ndiyo maana kusafisha uso wa maji siyo kulimaliza gugu.

Madhara yake ni mengi. Tabaka nene la magugu huzuia mwanga, na hewa ya oksijeni majini hupungua. Sangara na sato hukimbia au hufa, huku kamongo na kambare, wanaoweza kuvuta hewa juu ya maji, wakistahimili. Konokono wanaoeneza kichocho nao hupata maficho.

Njia za kupambana nalo ni nne. Kung'oa kwa mikono husaidia mialoni na kwenye vyanzo vya maji, lakini ni kazi ngumu kwa eneo kubwa. Mashine hufanya kazi haraka. Hata hivyo, magugu yaliyokatwa yakiachwa majini huoza na kumaliza oksijeni. Dawa za kuua magugu huleta hofu kubwa katika ziwa ambalo watu hunywa maji yake na kuuza samaki wake nje ya nchi.

Njia ya nne ni wadudu. Aina mbili za wadudu wa jamii moja na fukusi wanaobungua nafaka ghalani zililetwa ziwani kuanzia mwaka 1995, Uganda ikitangulia na Kenya na Tanzania zikifuata. Mdudu mkubwa hukwangua majani, na viluwiluwi vyake hutoboa mashina. Maji huingia, mmea huoza na kuzama. Wadudu hao walichaguliwa kwa sababu hutegemea gugumaji peke yake, hivyo si tishio kwa mazao.

Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya magugu ilikuwa imetoweka. Wadudu walichangia, kama ilivyochangia hali ya hewa ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998. Lakini baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006, gugumaji lilirudi kwa kishindo Ghuba ya Winam.

Sababu inaeleweka. Magugu yanapozama, wadudu hukosa chakula na idadi yao hupungua. Mbegu zilizo topeni huota, nazo mvua huleta udongo na mbolea kutoka mashambani. Juu ya hayo huongezeka maji taka ya miji kama Kisumu, Mwanza na Kampala. Naitrojeni na fosforasi zilizomo ndizo chakula cha gugumaji.

Wapo wanaolitumia kusukia vikapu, kutengenezea mboji na kuzalisha gesi ya kupikia. Ni jambo jema, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, hivyo shehena kubwa hutoa malighafi kidogo. Matumizi hayo peke yake hayawezi kushindana na kasi yake ya kuota.

Kwa hiyo wadudu wanapaswa kuzalishwa na kuachiwa mara kwa mara, badala ya kusubiri ghuba ifunikwe. Lakini kazi yao itakuwa ya kudumu iwapo ziwa litaendelea kurutubishwa. Mtaro unaomwaga maji machafu ziwani humwondolea mkazi wa mjini kero kwa siku moja. Gharama yake hulipwa na mvuvi anayeamka alfajiri na kukuta mtumbwi wake umezingirwa na magugu.