Makombo ya Mezani na Mbwa wa Nyumbani: Vyakula vya Kawaida Vinavyoweza Kuwa Sumu



Katika familia zetu nyingi, kuanzia mitaa ya Tabora mjini hadi vijiji vya Uyui, Sikonge na Urambo, mbwa hana chakula kilichoandaliwa kwa ajili yake. Hula kinachobaki: ukoko wa ugali, mchuzi uliolala, mifupa, pumba na maganda. Kwa malipo hayo madogo hulinda nyumba usiku, husindikiza watoto wachungao mbuzi, na huwafukuza nyani shambani. Ni mtumishi asiyedai mshahara.

Ikatokea siku moja mbwa huyo akakutwa asubuhi amekufa, povu limekauka mdomoni, swali la kwanza nyumbani huwa: ni nani aliyetufanyia hivi? Macho humgeukia jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba, au bibi mzee aishiye peke yake. Sisi tulio wachungaji twajua mahali ambapo swali hilo laweza kufika. Katika ukanda wetu huu wa magharibi, tuhuma za uchawi zimekwisha kumwaga damu ya wazee wasio na hatia. Ndiyo maana tumeona yafaa kueleza jambo ambalo wengi hawalifahamu: mara nyingine sumu iliyomwua mbwa imetoka katika sufuria yetu wenyewe, na hakuna mtu aliyekusudia ubaya.

Chakula kilichokuja na misafara

Jiko la Tabora lina historia ndefu. Katika karne ya 19 mji huu, uliojulikana pia kwa jina la Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, walipita njia hiyo hiyo mwaka 1878. Wafanyabiashara waliokaa hapa walilima vitunguu na mpunga. Miembe mikubwa tunayopumzika chini yake ni kumbukumbu ya zama hizo. Na chumvi ya Uvinza ilisafirishwa mbali kwa mabega ya wapagazi.

Mbwa nao walikuwamo safarini. Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alikuwa na mbwa mlinzi aitwaye Omar aliyetoka Bombay. Mbwa huyo hakufika Unyanyembe. Alikufa kwa ugonjwa wa matumbo kabla msafara haujaingia Ugogo, mahali ambapo ulinzi wake ungehitajika zaidi. Hatusemi kwamba alikula sumu. Twakumbusha tu kwamba tangu zamani mbwa amekula kile anachokula bwana wake, na kwamba tumbo lake halifanani na la bwana wake.

Kwa nini kisichomdhuru mtu kimdhuru mbwa

Sababu ni mbili. Kwanza, mbwa wetu wengi ni wadogo kwa uzito. Kiasi kilicho kidogo kwa mtu mzima ni kikubwa kwa mnyama wa kilo 10 au 15. Pili, ini la mbwa huvunja baadhi ya kemikali polepole mno, nazo hukaa mwilini na kuendelea kudhuru. Tuvitazame basi vyakula vyenyewe.

Vitunguu maji na vitunguu saumu. Hivi huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kupika hakuondoi sumu yake. Mchuzi, pilau, rosti na kachumbari vyote vina hatari. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo moja ya uzito wa mbwa zatosha kumdhuru, maana yake vitunguu viwili au vitatu vya kadiri kwa mbwa wa kilo 10. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi. Kiasi kidogo kinachotolewa kila siku nacho hudhuru. Dalili hazionekani papo hapo: baada ya siku kadhaa mbwa hulegea, ufizi hupauka, hupumua kwa haraka na mkojo huwa wa rangi ya kahawia au nyekundu. Kwa kuwa siku zimepita, hakuna anayekumbuka sahani ya pilau ya Jumapili.

Zabibu na ukwaju. Zabibu mbichi na zabibu kavu zaweza kuua figo za mbwa, na mbwa mmoja huweza kudhurika kwa chache sana wakati mwingine amekula nyingi bila neno. Watafiti wanaelekeza kidole kwenye tindikali iliyomo ndani yake iitwayo tartariki. Tindikali hiyo hiyo imejaa katika ukwaju, tunda linalopatikana kwa wingi kwetu. Basi mabaki ya ukwaju uliokamuliwa kwa juisi au uji, pamoja na keki na pilau zenye zabibu kavu wakati wa Noeli, yasitupwe mahali mbwa anapofika.

Chokoleti, kahawa na majani ya chai. Ndani yake mna theobromini na kafeini, ambazo mbwa huziondoa mwilini kwa shida. Hutapika, huhangaika, moyo humwenda mbio, na akizidiwa hupatwa na degedege. Unga wa kakao na chokoleti nyeusi ni hatari kuliko chokoleti ya maziwa.

Samaki wa chumvi na maji yake. Chumvi nyingi kwa mara moja huvuruga ubongo wa mbwa: kiu kali, kutapika, kuyumbayumba, kisha degedege. Maji yaliyolowekewa samaki wa chumvi yasimwagwe katika bakuli lake.

Pombe, machicha na unga uliotiwa hamira. Mbwa hulewa upesi na aweza kuacha kupumua. Kinyunya kibichi cha maandazi huendelea kuumuka ndani ya tumbo lake na kutoa kileo humo humo.

Bigijii na peremende zisizo na sukari. Baadhi zina utamu uitwao zailitoli. Kwa mtu hauna neno, lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu katika muda mfupi na huweza kuharibu ini.

Viko pia vitu visivyo sumu vinavyoua kwa njia nyingine. Kokwa ya embe huziba utumbo. Msimu wa maembe Tabora ni msimu wa hatari hii. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa matumbo.

Mihogo na mahindi yenye ukungu: hapa mbwa anatuonya sisi

Vyakula viwili vyastahili maelezo ya pekee, kwa sababu hatari yake haiishii kwa mbwa.

Muhogo mchungu, pamoja na maganda yake, hutoa sianidi. Mnyama aliyekula kiasi kikubwa huhema kwa shida, hutetemeka na kufa ndani ya dakika au saa chache. Mbuzi nao hufa hivyo. Kifo cha ghafla namna hii ndicho hufanana zaidi na kazi ya adui, ilhali ni maganda yaliyoachwa nyuma ya jiko. Binadamu naye hasalimiki. Mwaka 1985, huko Tarime, watu waliokula mihogo michungu isiyotayarishwa vema wakati wa njaa walipatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Kumenya, kuloweka kwa siku za kutosha na kuanika juani ni hekima ya wazee wetu iliyookoa maisha. Tusiifupishe kwa haraka ya kupata makopa.

Mahindi na karanga zilizoota ukungu zaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Hushambulia ini. Mbwa ni dhaifu sana mbele yake: mwishoni mwa mwaka 2005 huko Marekani zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa chakula cha viwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Nasi tumeonja uchungu wake, kwa maana mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara sumukuvu iliua watu. Desturi ya kutenga mahindi mabovu na kusema, "Hayo ni ya mbwa na kuku," haina usalama. Mbwa akikataa chakula, akitapika, na macho na ufizi wake vikageuka manjano, mwenye nyumba asiishie kumzika. Akague ghala lake upesi, kwa kuwa huenda watoto wanakula kutoka gunia lile lile. Mazao yakauke vema juu ya turubai, yasilazwe juu ya udongo mtupu, na yahifadhiwe mahali pasipo unyevu.

Mbwa akila sumu, tufanye nini?

Tuondoe chakula kilichobaki na kuhifadhi kidogo cha kumwonyesha mtaalamu. Tumwite afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo mara moja, tukimweleza mbwa amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Tusisubiri dalili, saa za kwanza ndizo zenye matumaini.

Tusimnyweshe kwa nguvu maziwa, mafuta wala mayai mabichi. Maziwa hayaui sumu, na kinywaji kinacholazimishwa huingia mapafuni. Maji ya chumvi ya kumtapisha ni sumu juu ya sumu.

Tena tuangalie jambo zito: povu, kuyumba na degedege zaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Mtu asitie mkono kinywani mwa mbwa wa namna hiyo. Aliyeng'atwa, au mate yakagusa kidonda chake, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, huishia kifo karibu daima.

Haki ya mnyama na haki ya jirani

Huenda mwingine akasema kwamba padre ana mambo makubwa ya kufundisha kuliko makombo ya mbwa. Lakini Maandiko yenyewe hayakumsahau. Katika Kitabu cha Tobiti mbwa anamfuata kijana Tobia safarini pamoja na malaika, na anarudi naye. Mwanamke Mkanaani, katika Injili ya Mathayo sura ya 15, alijenga sala yake juu ya jambo alilolijua kila mtu, yaani kwamba mbwa hupata makombo ya meza ya bwana wao. Na Bwana akaisifu imani yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, yafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu wanaodaiwa wema wetu, na kwamba kuwatesa bila sababu kunapingana na hadhi ya mwanadamu mwenyewe.

Kadhalika, amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Anayesema, "Fulani ameniulia mbwa," bila ushahidi, ameitupa sifa ya mtu jalalani. Na pale ambapo neno hilo likifuatwa na neno "mchawi", ameweka maisha ya mtu hatarini. Kabla ya kwenda kwa mganga kutafuta jina, tumwite afisa mifugo atafute sababu. Na ikibainika kweli kwamba mtu alitega sumu, kuna serikali ya mtaa na polisi.

Twawaomba basi akina baba, akina mama na hasa vijana wanaokabidhiwa kazi ya kulisha mbwa: atengewe ugali mweupe, dagaa walioondolewa chumvi au mboga isiyo na kitunguu, na maji safi. Ni gharama ndogo. Viongozi wa jumuiya ndogondogo wanaweza kulisoma somo hili katika mkutano wa wiki, na wajumbe wakague pamoja maghala na mahali pa kutupia taka.

Mungu, aliyetukabidhi viumbe vyake, atujalie busara ya kuvitunza, na azilinde nyumba zetu dhidi ya sumu ya chakula na sumu ya ulimi.