Aoe Kwanza, Mke Abaki Bongwe?

Huku Bongwe, kama kwingi Pwani, wazee hupenda kijana aendaye kusoma ng'ambo aoe kwanza, asije akapotea. Shauri jema hilo, ila kwa aendaye Uingereza limekuwa zito. Wa shahada ya kwanza walikwisha kunyimwa zamani. Tangu Januari 1, 2024, hata aanzaye shahada ya pili ya darasani hawezi kufuatana na mke wala watoto. Walioachiwa ruhusa ni wa shahada za utafiti na wanaosomeshwa kwa fedha za serikali. Basi wazazi wa binti na waulize kabla ya kupokea mahari: bwana harusi anakwenda kusomea nini, na mlipaji ni nani? Mke aliyebaki ukweni aweza kuomba viza ya matembezi, ambayo kwa kawaida haizidi miezi 6, nayo yaweza kukataliwa.