Ukiambiwa 'samehe, ni mpango wa Mungu', soma Yusufu tena

Kama umewahi kukaa Malaba ukitazama foleni ya malori, ama ukaona magunia ya mahindi ya Uganda yakiingia Busia, hadithi ya Yusufu na kaka zake haitakuwa ngeni kwako. Ni hadithi ya mpakani kabisa. Ndugu kumi wanatoka Kanaani, njaa imewabana, wanaenda Misri kununua nafaka. Huko wanaangukia mkubwa mmoja anayewashuku: nyinyi ni wapelelezi. Baadaye magunia yanapekuliwa. Na huyo mkubwa anaongea nao kupitia mkalimani, kumbe anaelewa kila neno wanalonong'onezana.

Hiyo ya mkalimani, mtu wa Malaba ataicheka. Kiteso kinaongewa Kenya, kinaongewa Uganda, na Busia maofisa wa nchi zote mbili wamekuwa wakihudumu chini ya paa moja tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa mwaka wa 2018. Msengenye mtu hapo kwa lugha ya nyumbani, utajionea.

Sasa, mkubwa huyo ni mdogo wao. Walimuuza kwa vipande 20 vya fedha akiwa na miaka 17. Wanapomkuta anakaribia 40.

Hapa ndipo wengi huiruka hadithi. Tuseme kaka yako aliuza kipande cha shamba mlichoachiwa na mzee, doo akala na Kampala akapotelea. Amerudi. Kikao kimeitishwa, na mjomba anakuambia: samehe bana, hata Yusufu alisema ni Mungu aliyemtuma mbele. Kweli alisema. Lakini iko Mwanzo 45. Mjomba ameruka sura ya 42 hadi 44, na huko ndiko kazi yote ilifanyika.

Yusufu alikuwa na uwezo wa kuwafunga wote maisha, ama kuwakumbatia siku hiyo hiyo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimzuilia Simeoni. Akaamuru waliobaki wamlete Benyamini, mtoto wa mama yake. Waliporudi naye, kikombe cha fedha kikafichwa kwenye gunia la Benyamini, na hukumu ikatoka: huyu abaki mtumwa, nyinyi nendeni kwenu kwa amani. Fikiria. Ni nafasi ile ile ya zamani, mtoto mwingine kipenzi cha baba, na safari hii hakuna wa kuwalaumu wakimwacha.

Yuda akasimama. Ndiye aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, na sasa anaomba yeye ndiye abaki mtumwa, kijana arudi kwa baba. Hapo ndipo Yusufu alipolia hadi Wamisri wakasikia, na hapo ndipo aliposema habari ya Mungu. Angalia pia anayesema: aliyeuzwa. Kaka zake hawakuthubutu kutumia maneno hayo kujitetea.

Tena huyu Yusufu hakungoja Mungu mikono mitupu. Ndoto ya Farao ilitoka kwa Mungu, sawa, lakini sehemu ya tano ya mavuno iliwekwa ghalani kwa miaka saba na watu waliotoa jasho. Mwenye ghala ana uhai wa jirani mkononi. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Marufuku yalidumu siku chache tu, lakini mpakani watu waliona jinsi lango la chakula linavyoweza kufungwa kwa barua moja.

Na usidhani mambo yaliisha pale kwenye machozi. Yakobo aliishi Misri miaka 17, wanawe wakila nafaka ya Yusufu. Alipokufa tu, wale kaka wakaingiwa na baridi: sasa atatulipiza. Wakamtumia ujumbe kwamba marehemu baba aliagiza wasamehewe. Yusufu akalia tena. Akawaambia kwamba wao walikusudia mabaya, Mungu akayageuza kuwa mema. Neno "mabaya" hakulifuta.