Kiharusi Kinapoiba Wakati Uliopita

Nassa, wilayani Busega mkoani Simiyu, kama kwingineko, mtu akipata kiharusi na upande wa kulia ukapooza, mara nyingi ulimi nao hugoma. Wanaokuja kumjulia hali huwaelewa kwa sehemu kubwa, lakini jibu linakwama kooni. Wapo watakaosema amerogwa, wengine watasema akili imeruka. Huenda si hili wala lile. Huenda ana afasia: lugha imeharibika kwa sababu ubongo umejeruhiwa, huku fahamu na utu wake vikibaki palepale.

Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi moja, "tan", ingawa aliyoambiwa aliyaelewa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake na kukuta jeraha sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza hali tofauti: wagonjwa wanaotiririsha maneno yasiyo na maana na wasioelewa wanachoambiwa. Jeraha lao lilikuwa nyuma zaidi, upande huohuo wa kushoto.

Tangu hapo utafiti mwingi ulifanyika kwa lugha za Ulaya, na hilo lilileta tatizo. Wagonjwa wa aina ile ya Broca husumbuliwa sana na vitenzi vya wakati uliopita. Lakini Kiingereza kina vitenzi vinavyogeuka sura ovyo katika wakati huo. Utajuaje kama kinachomshinda mgonjwa ni umbo la neno au ni wakati wenyewe?

Kiswahili kikatoa mizani safi. Alilima, analima, atalima: silabi moja inabadilika, mahali ni palepale, urefu ni uleule. Mwaka 2011 Tom Abuom, Loraine Obler na Roelien Bastiaanse walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa wanaozungumza Kiswahili na Kiingereza. Katika lugha zote mbili wakati uliopita ndio uliowashinda zaidi. Na kwa kuwa "li" si ngumu kutamka kuliko "ta", kinachowashinda ni wakati wenyewe. Maelezo ya Bastiaanse ni kwamba anayesimulia yaliyopita lazima aunganishe kitenzi na tukio lililokwisha, lililo nje ya muda anaozungumza, na kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo inayouchosha ubongo uliojeruhiwa. Kwangu mimi, huu ni miongoni mwa michango mizuri ya Kiswahili katika sayansi, na inashangaza jinsi tunavyoutaja kwa nadra.

Sasa turudi Nassa, ambako wengi hulelewa kwa Kisukuma na Kiswahili hukikuta shuleni. Kisukuma hakina wakati uliopita mmoja. Hutofautisha ya karibuni na ya zamani. Tena ni lugha ya toni, na toni ya silabi moja huweza kuhamia silabi za mbele. Je, kiharusi huharibu yaliyopita yote sawasawa? Na lugha ipi hurudi kwanza? Mfaransa Ribot, mwaka 1881, aliitetea ile ya utotoni. Mwenzake Pitres, mwaka 1895, akasema ni ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Wagonjwa wengine huwakanusha wote wawili.

Mjadala huo si wa vitabuni tu. Bibi aliyezoea Kisukuma akipimwa kwa Kiswahili pekee, ataandikiwa udhaifu ambao si wa kiharusi. Apimwe kwa lugha zote anazotumia, na ndugu wa nyumbani awepo. Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache Afrika Mashariki, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inaangukia familia.

Basi, ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo, usimsemee kila neno, wala usipaze sauti kana kwamba ni kiziwi. Tumia sentensi fupi, uliza maswali ya ndiyo au hapana, mwonyeshe kitu chenyewe, umsubiri. Na uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Nyumba ya mganga isiwe kituo cha kwanza.