Mzazi amwambie nini kocha wa mwanawe?

KATIKA shule nyingi za Kitui na Makueni, kocha wa timu huwa ni mwalimu wa darasani anayenoa vipaji baada ya masomo. Mzazi naye huenda yuko mbali akichuma riziki Nairobi au Mombasa, na habari za timu huzipata kwa mtoto pekee. Hapo ndipo kutoelewana huzuka, na fahali wawili wapiganapo, nyasi ndizo huumia.

Ni vyema mzazi ajitambulishe kwa kocha muhula unapoanza, kabla ya tatizo lolote. Amweleze kuhusu afya ya mtoto: pumu, kifafa, jeraha la zamani au dawa anazotumia. Wakati wa kiangazi, viwanja vya maeneo kama Mutomo na Kibwezi hutifua vumbi, na kocha asiyejua kwamba mchezaji ana pumu anaweza kumhatarisha bila kukusudia. Mzazi aulize pia kuhusu usafiri, na ni nani atakayeandamana na wachezaji timu ikifuzu kwa mashindano ya kanda ya Mashariki.

Mtoto asipopangwa kikosini, mzazi asimkabili kocha mechi ikiendelea au punde tu baada ya timu kushindwa. Aombe kuonana naye siku nyingine, faraghani, na swali limhusu mwanawe: "Mwalimu, afanye nini ili aimarike?" Akiuliza kwa nini fulani anachezeshwa, atakuwa anamshtaki mtoto wa mwenzake.

Asikilize jibu pia, kwani kipawa huenda kiko kwingine. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, alikuwa mwanandondi kabla ya kugeukia riadha, na mwaka wa 1992 akashinda mashindano ya kwanza ya dunia ya nusu marathoni nchini Uingereza.

Hata hivyo, heshima si kunyamazia maovu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku kumchapa mwanafunzi au kumtesa kiakili, na mazoezini si mahali pa kuisahau. Mtoto akichapwa au akilazimishwa kucheza akiwa na jeraha, mzazi amwone mwalimu mkuu mara moja. Akishuku dhuluma ya kimapenzi, apige ripoti kwa polisi au apige simu nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na haitozwi ada.