Kukaa Lubutu, Kukaa Kindu: Njia Kwanza, Mji Baadaye

Jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililoundwa mwaka 1988 wakati jimbo la zamani la Kivu lilipogawanywa sehemu tatu, lina teritwari 7, yaani wilaya zinazosimamiwa na ofisa wa serikali, na makao yake makuu ni Kindu. Lakini anayetafuta mahali pa kukaa au kufanyia biashara humo asianze na ramani ya utawala, bali aulize kwanza bidhaa hupitia njia gani. Lubutu, teritwari ya kaskazini, ndiyo mfano ulio wazi zaidi: hutawaliwa kutoka Kindu, ilhali soko lake limeelekea Kisangani, mji wa jimbo jirani.

Sababu ni barabara. Mji wa Lubutu umekaa kwenye barabara kuu inayotoka Kisangani kwenda Bukavu kupitia Walikale, kiasi cha kilomita 240 kutoka Kisangani, na kwa hiyo mfanyabiashara wake hufika kwa jirani wa jimbo jingine kabla hajafika kwa gavana wake. Anayekwenda Kindu hupitia Punia, baada ya kuvuka Mto Lowa, na mwishoni hukuta Lualaba, jina la Mto Kongo katika sehemu zake za juu, ambao hauna daraja hapo na huvukwa kwa mtumbwi au kivuko. Katika msitu wa eneo hili, ulio karibu na ikweta, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ni matope, kuliko umbali, yanayoamua safari itachukua siku ngapi.

Kwa mkulima, mwalimu au muuguzi, Lubutu inafaa kuliko wanavyodhani watu wa mbali. Mpunga, muhogo, ndizi na michikichi ya mawese hustawi, na hospitali kuu, iliyosaidiwa kwa miaka kadhaa na Madaktari Wasio na Mipaka, hupokea wagonjwa kutoka vijiji vya mbali. Kuhusu ardhi, sheria ya mwaka 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya serikali, lakini kijijini hakuna anayelima kwa amani bila kuzungumza na chifu na wazee wa koo za Wakumu, wenyeji wa eneo hilo. Mgeni anayetegemea karatasi peke yake hujitafutia ugomvi ambao watoto wake ndio watakaourithi. Chandarua ni lazima, kwa kuwa malaria haina msimu wa kupumzika, na anayehitaji umeme aje na paneli zake za jua.

Kindu inamfaa zaidi mwenye kazi ya ofisi, shule ya juu au safari za ndege. Kati ya komini zake 3, Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi wa Lualaba, penye stesheni na uwanja wa ndege, na Alunguli iko ng'ambo. Anayefanya biashara na miji ya Kalima au Punia huokoa fedha na muda akipanga nyumba Alunguli, kwa sababu barabara za huko huanzia upande huo.

Kuhusu kutembea, Tingi-Tingi, kilomita chache kutoka Lubutu, panastahili heshima kabla ya picha: kuanzia mwishoni mwa 1996 hadi kambi ilipotekwa mwanzoni mwa Machi 1997, zaidi ya wakimbizi laki moja kutoka Rwanda walikaa hapo, ndege za misaada zikitua juu ya barabara yenyewe, na wengi walikufa kwa njaa, magonjwa na mashambulizi. Hifadhi ya Taifa ya Maiko, iliyotangazwa mwaka 1970, ina okapi, gorila wa nyanda za chini za mashariki na tausi wa Kongo, lakini haina nyumba za watalii, na makundi yenye silaha yamekaa humo tangu uasi wa 1964 wa wapiganaji walioitwa Simba. Asiingie mtu bila idhini ya walinzi wa hifadhi na habari mpya za usalama.

Msomaji wa Kiswahili atapata mengi zaidi kusini, Kasongo na Nyangwe, ambako misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake ilileta Uislamu, kilimo cha mpunga na lugha hii, pamoja na utumwa. Mpelelezi Livingstone alishuhudia mauaji katika soko la Nyangwe Julai 1871. Anayetoka Lubutu kwenda huko hulivuka jimbo karibu lote, hivyo apange siku nyingi Kindu za kungojea usafiri.